Mashua Hii Haiuzwi

Kalemie, Jumapili baada ya misa

Papa yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama na nyumba nzima ya Butembo, pamoja na ukungu wake wa asubuhi ambao naukosa kuliko ninavyopenda kukubali. Goti lako linasemaje? Mama bado anakohoa akiwasha makala ya kupikia? Na maharagi ya Kalunguta, mvua imewaachia kitu au imeyalaza yote? Mimi ni mzima. Mikono inanuka lami, mgongo unauma kidogo, lakini nakula, nalala, nacheka. Nimeanza na hilo kwa sababu najua Kambale ameshakueleza kwamba mimi dada yake nimekonda na kichwa changu hakiko sawa.

Nimeandika kwenye karatasi kwa makusudi. Ujumbe wa sauti ukiingia kwenye simu ya Kambale kule Beni, unasikilizwa na familia yake, na wateja wake, na watu wanaosubiri pikipiki pale Mavivi kwenye uwanja wa ndege, kisha unakufikia wewe ukiwa umebaki nusu. Barua hii anaileta Mama Zainabu, mfanyabiashara wa Beni anayekuja huku kuuza vitenge. Anavuka ziwa mpaka Kigoma, anazunguka na mabasi ya Tanzania na Uganda, anaingia kwa mpaka wa Kasindi. Ameniahidi kuiweka mkononi mwako yeye mwenyewe, si mkononi mwa Kambale.

Sasa nijibu. Sauti yako niliisikia mwishoni mwa ule ujumbe ambao Kambale alinitumia akiwa kwenu, baada ya kunikaripia dakika nne bila kupumua. Ulisema, "Masika, uzisha ile kintu ya maji. Ukiisha kuuzisha, njo tutakuletea mutoto. Bila ile, hapana." Niliisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikasirika. Mara ya tatu nilichukua kopo la rangi nyeupe, nikashuka ufukweni, nikaandika ubavuni mwa mashua yangu kwa herufi kubwa, kama tunavyoandika kwenye kuta za nyumba huko kwetu ili ndugu mmoja asiuze nyuma ya mgongo wa wengine: MASHUA HII HAIUZWI. Watu wa hapa wakauliza ni nani aliyetaka kuinunua. Nikawaambia, hakuna, ni familia yangu tu.

Hilo ndilo jibu langu, Papa, na ungeweza kuiweka barua chini hapa. Lakini nakuomba uisome yote, kwa sababu umekata kesi bila kuniuliza hata swali moja, na wewe siku zote si mtu wa namna hiyo.

Nianze na pikipiki, maana ndiyo inayomuuma Kambale. Ile pikipiki ilikuwa yangu. Niliinunua kwa kushona, baada ya baba wa mwanangu Kahindo kwenda Kolwezi na kujenga nyumba nyingine huko na mwanamke mwingine. Sikuiiba kwa mtu. Kambale alikuwa ameshajihesabia kwamba siku moja nitaichoka na kumtumia yeye, na sasa analia kama aliyenyang'anywa. Mwambie pole. Niliibadilisha na mashua, na mtu aliyeichukua alicheka njia nzima akirudi kwake, kwa sababu alidhani ameniweza.

Na kweli, ungeiona mashua siku ile ungenihurumia. Ilikuwa imelala kifudifudi nyuma ya depo ya chumvi, miaka na miaka. Zamani sana ilikuwa ya injinia mmoja wa reli, mtu wa kutembea ziwani siku za mapumziko. Urefu wake ni hatua saba zangu. Kuku walikuwa wanataga chini yake. Rangi niliyoikwangua ilikuwa tabaka juu ya tabaka: kijani, nyeupe, bluu, tena kijani, na chini kabisa mbao nyekundu ngumu ambayo ungeipigapiga kwa vidole na kutikisa kichwa kwa kuikubali. Mbao mbili zilikuwa zimeoza karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, na fundi wa mitumbwi alinikatia nyingine. Kazi yote iliyobaki niliifanya mimi. Nilichokonoa pamba ya zamani kwenye kila ufa, nikatia mpya, nikapaka lami juu yake. Kucha zangu hazijawa nyeupe tangu hapo.

Kisha nikaambiwa niizamishe. Ndiyo, Papa, usicheke. Mbao iliyokauka miaka yote hiyo lazima inywe maji kwanza, ivimbe, ijifunge yenyewe. Niliifunga kamba ufukweni, nikaijaza maji mpaka ukingoni, nikaiacha siku tano. Soko lote lilikuja kuangalia mwanamke wa milimani anayezamisha chombo chake mwenyewe. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikashona sketi, nikawaacha waangalie mpaka wachoke.

Sasa nifike mahali ambapo jina lako linaingia, na hapa naomba uvumilivu wako.

Tanga la zamani lilikuwa limeliwa na panya. Zilibaki kamba na pete tu, hakuna kipande cha kupimia. Mlingoti ulikuwepo, mti wa chini wa kunyooshea tanga ulikuwepo, lakini nguo hakuna. Nikasema, hilo si tatizo, mimi ni binti wa fundi wa bashi, yale maturubai ya kufunika malori. Tangu nikiwa na miaka kumi nimekaa mbele ya mashine yako, nikivuta ncha ya turubai zito huku wewe unakanyaga, malori ya Butembo yakisubiri nje kufunikwa. Nikanunua kitambaa kigumu cha hema. Nikakikata kwa rula, pembe tatu iliyonyooka kabisa. Nikashona mshono wako, ule wa kukunja mara mbili, nikatia kamba kwenye kingo zote, nikavuta kila upande mpaka kitambaa kikalia kama ngoma. Nilisikia sauti yako masikioni: bashi isishike upepo, bashi inayoshika upepo ni aibu ya fundi, itapasuka kabla ya Kasindi na mzigo wa mtu utalowa. Papa, sijawahi kushona bashi nzuri kama ile maishani mwangu. Hakukuwa na kunjo hata moja.

Siku ya kuishusha majini nilivaa kitenge kipya. Nilipandisha tanga langu mbele ya umati wote. Upepo ukaja. Na mashua, badala ya kwenda mbele, ikaanza kwenda ubavu, polepole, kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. Niligeuza usukani huku, nikageuza huku. Hakuna kitu. Tulikwenda ubavu mpaka tukapanda ufukweni na kuingia kwenye nyavu ambapo jirani yangu Mama Feza alikuwa ameanika ndagala zake, wale dagaa wa ziwani.

Mama Feza ni mjane, anakausha samaki, amezaliwa kijijini ziwani na kucheka kwake kunasikika mpaka stesheni. Alicheka mpaka akakaa mchangani. Kisha akasema:

"Mama wa mulima, hii uliweka juu ni tanga ao ni mulango?"

Nikamjibu kwa hasira, "Papa yangu ni fundi wa bashi, Butembo muzima inamujua. Mi najua kushona."

"Njo maana! Ulifunika upepo sawa muzigo. Lakini upepo hapana muzigo, mama. Upepo inataka fasi ya kukaa."

Akavua kitenge chake cha juu, akashika ncha mbili, akakiinua. Upepo ukakijaza, kikafanya tumbo. "Ona," akasema. "Bila tumbo, haiendake."

Nilikataa kumsikiliza siku mbili. Hilo nalikiri. Nilisema moyoni, huyu anajua samaki, hajui nguo. Kama ni kulaumu, nilikuwa na mambo mengi ya kulaumu: usukani, mlingoti, ile pamba. Mshono wako ndio kitu pekee ambacho sikutaka kiwe kosa, kwa sababu ndicho kitu nilichotoka nacho nyumbani na ambacho hakuna mtu amewahi kuninyang'anya. Siku ya tatu nikachukua wembe, nikaufumua wote. Nilifumua nikiwa nalia, na wateja walidhani kuna msiba kwetu.

Na unajua ni nani aliyeniokoa? Mama. Kazi ya Mama, ile ya magauni, uliyokuwa unaiita kazi ya mapambo huku unatucheka. Nilikumbuka anavyoshona gauni la mwanamke mwenye kifua kikubwa: hakati kitambaa moja kwa moja, anakata kwa mviringo kidogo, anakunja pembeni, ili kikishaunganishwa kipate nafasi katikati. Nikakata kila kipande cha tanga hivyo hivyo, kingo zikiwa na mviringo, kidogo tu, upana wa vidole viwili. Kwenye meza lilikuwa baya, halikulala sawa, ungelitupa nje. Nilipolipandisha, likajaa. Papa, likajaa, na mashua ikaondoka.

Sitaki kukudanganya kwamba niliondoka nayo vizuri. Siku ya kwanza mti wa tanga uligeuka ghafla ukanipiga begani, nikaanguka majini, nikanywa ziwa. Nilishika ukingo wa mashua nikapiga kelele mpaka vijana wa mtumbwi wakanivuta. Sikujua kuogelea, nani Butembo anajua kuogelea? Wiki iliyofuata nikamwambia Mama Feza anifundishe. Alinifunga kitenge kiunoni, akashika ncha kama mtu anayefunga mbuzi, akanisukuma kwenye maji ya kifuani, wajukuu wake wakipiga makofi. Nina miaka thelathini na minane, na nimejifunza kuogelea mbele ya watoto. Aibu iliisha siku hiyo, haijarudi.

Kambale anasema nimekuwa mtu wa starehe, natembea ziwani kama wazungu. Mwambie hivi. Maji ya ziwa yamepanda miaka hii, yamemeza barabara ya kando, pikipiki haipiti tena. Vijiji vya huko vina shule, na shule zinataka sare. Kwa hiyo Jumanne naweka cherehani yangu ya mkono ndani ya mashua, naifunga kwa turubai (hilo nimelishona kwa mshono wako, halishiki upepo hata kidogo), naondoka asubuhi na mapema kabla upepo wa kusini haujaamka. Nafika kijijini, nakaa chini ya kibaraza cha shule, napima watoto, nakata, nashona, nalala kwa mke wa mwalimu, kesho yake naenda kijiji kingine. Kwenye kijiji kimoja wananiita Mama Tanga. Mama mmoja alinipokea na samaki na bukari, ugali wa huku, akasema, "Hapa fundi alikuwaka hafike. Batoto balikuwa banavaa sare za bakubwa wao mupaka zinapasuka." Nikamwambia asante kwa Kinande, wasingya, imenitoka yenyewe, na yeye akacheka bila kuelewa.

Na hata kama mashua ingekuwa haileti kitu, ningeipenda. Niseme wazi, kwa sababu kuna watu nyumbani wanaodhani mwanamke anaruhusiwa kupenda kitu kikiwa tu na faida. Napenda ile dakika tanga linapojaa na kelele zote zinakoma. Napenda kwamba kila ubao ndani yake nimeushika. Nikiwa pale hakuna anayenisimamisha kuniuliza karatasi, hakuna anayeniuliza mume wangu yuko wapi.

Sasa nije kwa Kahindo, maana yote haya ni kwa ajili yake, na wewe unajua.

Nilimwacha kwenu akiwa na miaka tisa. Tulisema mwaka mmoja, mpaka nipate chumba na kazi ya kudumu. Sasa ana kumi na miwili. Chumba ninacho, kazi ninayo, masista wamekubali kumpokea shuleni kwao, na kila kitu kilikuwa tayari mpaka Kambale alipokuja na habari ya mashua. Unasema ziwa linaua. Ndiyo, linaua. Radio inapotangaza kwamba chombo kimezama, mimi nasikia kabla yako, na mara nyingine nawajua watu. Wanazama kwa sababu wamepakizwa kama magunia, kwa sababu mwenye chombo hataki kumwambia mtu wa mwisho abaki. Mimi mtu wa tano namrudisha ufukweni hata kama ni padri. Nikiona maji yamebadilika rangi upande wa kusini, sitoki, hata watoto wa shule wakae uchi.

Lakini Papa, niruhusu niulize. Ni nani anayeniambia niogope? Ni Kambale, anayelala Beni na viatu miguuni, tayari kukimbia usiku? Pasaka mlimpeleka Kahindo kule Mutwanga kwa shangazi yake apumzike. Risasi zikasikika upande wa mashamba, wakaacha sufuria motoni wakakimbia kwa miguu, na mimi mama yake nilijua baada ya siku tatu, kwa sababu mlisema hamtaki kunitia wasiwasi. Sikukuletea sharti. Sikusema, hameni kwanza, ndipo nitawaachia mtoto. Nilisema asante kwa kumlinda, na nilimaanisha, na bado namaanisha. Nilipokuwa napanda ile pikipiki kwenye matope na kuanguka mara mbili, na mara ya pili kuvunjika mkono, hakuna aliyeita kikao cha familia. Hatari mnayoijua mnaikalia kitako. Yangu hamuijui, basi mnaipa jina la wazimu.

Na mnaniomba nini hasa? Mnataka mtoto aje kwa mama aliyeuza kitu alichokitengeneza kwa mikono yake kwa sababu kaka yake alipiga kelele kwenye simu. Atajifunza nini kwangu, huyo mtoto? Kunyamaza anajifunza popote, haina haja ya kusafiri mpaka Kalemie.

Kwa hiyo nakuambia nitakachofanya, na sikuambii ili uniruhusu. Shule zikifungwa nitakuja mwenyewe. Nitapita njia ile ile ya Mama Zainabu. Nikifika Butembo nitapiga magoti mbele yako kama inavyostahili, nitakaa, nitakula, kisha nitaomba kitu kimoja: Kahindo aulizwe, akiwa peke yake na wewe, bila mimi, bila Kambale. Wewe unajua kumsikiliza mtoto, ulinisikiliza mimi nilipokataa kuolewa na yule mwenye duka. Akisema anaogopa maji, nitarudi peke yangu na sitakulaumu, ingawa nitalia njia nzima. Akisema twende, basi twende. Lakini katika yote mawili mashua itabaki yangu. Usiweke mtoto upande mmoja wa mzani na mashua upande mwingine, Papa. Hukunilea hivyo. Bashi haikushindana nami nyumbani kwako. Niliikuta, nikajifunza, nikakua.

Nimesema kwa ukali, naona. Nikisoma tena nitataka kupunguza, kwa hiyo sisomi tena. Nakupenda. Kila nikipiga mshono ulionyooka nakuona umeinama kwenye mashine na miwani imeteremka puani.

Nisalimie Bibi wa Kalunguta, umwambie nguvu za kufumua tanga nilizipata kwake, mtu asiyekubali kazi mbaya ikae. Nisalimie shangazi wa Mutwanga, umwambie sikusahau alivyombeba mtoto wangu mgongoni akiwa mkubwa hivyo. Nisalimie mke wa Kambale, mwanamke mvumilivu kuliko sisi wote. Na Kambale mwenyewe msalimie, ni kaka yangu. Mwambie akija huku nitampandisha, na atakaa katikati, na hatagusa kitu.

Salamu za mwisho ni za Mama, na kwake nina kazi. Katika mfuko aliokuletea Mama Zainabu kuna jile ya kuelea, kikoti kisicho na mikono, ya bluu, nimeijaza povu la godoro gumu lisilonywa maji, nimeijaribu mwenyewe ziwani na inaelea. Ni ya Kahindo. Mama, nimepima vifua vya watoto wa vijiji sita, nawajua mpaka yule mwenye bega moja chini, na kifua cha mtoto wangu nimekikisia. Nilimkumbuka wa miaka tisa, nikaongeza, nikasimama, nikaongeza tena, nikaacha kitambaa kingi ndani ya mshono kwa sababu sijui. Mvalishe. Angalia mahali inapombana. Kisha uchukue futi yako ya kupimia, umpime vizuri, mkono chini ya kwapa kama ulivyonifundisha. Msinitumie ndiyo, msinitumie hapana. Nitumieni kipimo chake.

Ni mimi binti yenu,
Masika